Gazeti Lilipotusema: Je, Wanachama wa Kikundi Wanaweza Kushtaki?



Kamati ya kijitabu hiki ilipogawa kazi, wengine walipewa kuandika habari za sanduku na funguo zake tatu, wengine mikopo ya ada za shule, wengine ile mashine ya kusaga iliyotutoa jasho. Sisi watatu tukaachiwa ile ambayo kila mmoja aliikwepa, yaani habari ya gazeti. Tulitaka kukataa. Lakini historia ya miaka kumi inayoruka mwaka 2018 haitakuwa historia yetu, itakuwa ya kikundi kingine.

Kwa wageni wetu tueleze kwa kifupi. Mwaka 2018 gazeti moja, ambalo jina lake tunalihifadhi, lilitoa makala ndefu juu ya vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Lilisema vikundi hivi nchini kote vimegeuka vichaka vya wezi, eti wanawake wanakaa chini ya mwembe wakijifanya wanahesabu hisa kumbe wanakulana. Hayo peke yake tungeyameza. Tumewahi kusikia makubwa kuliko hayo, tena majumbani mwetu. Lakini aya ya mwisho ilisema kwamba katika soko lililo karibu na stendi ya mabasi ya mji wetu kuna kikundi cha wauza samaki na mboga ambacho mweka hazina wake amejenga nyumba kwa jasho la wenzake. Jina hakuna. Lakini jamani, soko karibu na stendi ni moja, na kikundi cha wauza samaki na mboga sokoni humo kilikuwa kimoja.

Nyumba ilikuwepo kweli. Vyumba vitatu, bati juu, bila plasta. Mama mweka hazina aliijenga kwa mafao ya marehemu mumewe, na wengi wetu tulikwenda kumsaidia kusomba maji ya kufyatulia matofali. Kila mtu alilijua hilo. Ajabu ni kwamba gazeti lilipotoka, hata waliosomba maji wakaanza kuulizana. Ilipofika saa sita mchana nakala moja ilikwishapita meza zote za samaki. Wiki ile wanachama sita waliomba kutoa hisa zao kabla ya mgao. Waume wawili wakaja mkutanoni wakasimama nyuma, mikono kifuani. Tukafungua sanduku mbele yao tukahesabu. Fedha na daftari vikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Wakaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo zilipoanza kelele za "tushtaki!" Tulikuwa wanachama 31 na kila mmoja alisema ametukanwa yeye. Twende mahakamani wote, kila mmoja alipwe chake. Wapo waliokwishaanza kupiga hesabu za bati na mbegu. Tukachanga nauli, tukatuma wajumbe wanne kwa wakili wa msaada wa kisheria, kijana wa umri wa watoto wetu. Akatupa shikamoo, akasoma ile makala mara mbili, kisha akauliza, "Mama zangu, gazeti limemsema nani?"

Tukajibu, "Sisi."

"Sisi nani?"

Tulikasirika. Tuliona anatuchezea. Kumbe swali lile lina umri wa miaka zaidi ya mia nne, na watu wakubwa kuliko sisi, maaskofu, matajiri wa viwanda na wanasiasa, wamesimama mbele ya majaji wakaulizwa lilelile. Yafuatayo tuliyapata kwanza kwake, katika safari tatu, na mengine tumeyatafuta baadaye kwa msaada wa binti wa mwenzetu mmoja aliyesomea sheria.

Kashfa, kwa maneno ya kawaida, ni kumwandika mtu kwa namna inayomshushia heshima mbele ya watu, wakamchukia, wakamdharau, wakamcheka, au ikamharibia kazi yake. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilisema hivyo, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliyoirithi ikasema karibu yaleyale. Angalieni neno "mtu." Sheria haina heshima ya jumla inayogawanywa kama mgao wa mwisho wa mwaka. Kila mtu ana heshima yake moja, na anayekwenda kudai lazima aonyeshe kwamba maneno yale yalimlenga yeye.

Msije mkashangaa kwamba mifano mingi ni ya Uingereza. Mwingereza alipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, alileta sheria zake kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na baada ya Uhuru tuliendelea nazo pale ambapo Bunge letu halikuweka nyingine. Ndiyo maana wakili wa hapa, akiulizwa na wauza samaki, anajibu kwa kesi za Waingereza waliokufa zamani.

Ya kale zaidi aliyotutajia ni ya mwaka 1613. Watu 17 walikuwa washtakiwa katika shauri moja, na mtu mmoja akasema kwamba washtakiwa hao walisaidia kumuua fulani. Hakutaja jina hata moja. Majaji wakaona kila mmoja wa wale 17 anaweza kudai, maana orodha yao ilikuwa inajulikana; kusema "washtakiwa hawa" kulikuwa sawa na kuwaita mmoja mmoja. Tulipolisikia hilo tulifurahi. Kama 17 wanaweza, kwa nini 31 washindwe?

Kesi ya mwaka 1858 ikatupunguza furaha, ingawa ndiyo iliyotuchekesha kuliko zote. Huko London vijana wawili maskini, William Smith na Charles Eaton, kazi yao ilikuwa kuokota vitu katika matope ya mto Thames. Wakagundua kwamba wazungu wenye fedha wanapenda vitu vya kale. Basi wakaanza kuvitengeneza wenyewe kwa madini ya risasi, vijisanamu na medali, wakavipaka uchakavu na kuandika juu yake herufi zisizosomeka, kwa sababu wao wenyewe hawakujua kusoma. Mfanyabiashara mmoja, Eastwood, alivinunua akaviuza kama mali ya kale. Siku moja mtaalamu alisimama kwenye mkutano akasema vitu vile ni bandia, na jarida la Athenaeum likaichapisha taarifa hiyo. Eastwood hakutajwa, lakini aliona amesemwa yeye, kwani ndiye aliyekuwa akiviuza. Akashtaki. Jaji Willes akamtoa patupu. Alisema, kwa maana yake, kwamba mtu akiandika kuwa mawakili wote ni wezi, hakuna wakili mmoja anayeweza kumshtaki, mpaka pawepo kitu katika maneno yale kinachomnyooshea kidole yeye. Mwenzetu mmoja alisema kumbe hata majaji wakitafuta mfano wa wezi wanaanzia kwa mawakili. Kijana wetu alicheka, lakini hakuacha kuandika. (Na vile vitu vilikuwa bandia kweli, hilo halikuhitaji jaji.)

Isieleweke kwamba kutokutajwa jina kunaliokoa gazeti. Miaka kumi kabla ya Eastwood, mwaka 1848, Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kesi ya gazeti la Ireland lililoandika juu ya ukatili kwa wafanyakazi katika viwanda fulani. Halikutaja kiwanda. Wenye kiwanda kimoja katika kaunti ya Waterford wakadai ni wao waliokusudiwa, wakashinda, kwa sababu alama zilizotolewa ziliwafikia. Na mwaka 1912 huko Scotland, askofu wa Kikatoliki wa mji wa Queenstown, Ireland, na mapadri wake, jumla watu saba, walilishtaki gazeti lililosema kwamba wakuu wa kanisa mjini pale walishinikiza Waprotestanti wafukuzwe kazi madukani. Wakuu wa kanisa katika mji mmoja ni watu wa kuhesabika. Mahakama ikakubali wadai, kila mmoja kwa nafsi yake.

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ya wakati wa Vita vya Pili. Tarehe 1 Julai 1941, siku chache baada ya Hitler kuivamia Urusi, gazeti la Evening Standard la London liliandika juu ya chama cha Warusi waliokimbia nchi yao, kikiitwa Mlado Russ, yaani Urusi Changa. Lilisema Hitler anataka kukitumia chama hicho kama kibaraka. Wakati wa vita, kuitwa kibaraka wa adui si mchezo. Chama kile kilikuwa na watu wapatao 2,000 duniani kote, lakini ndani ya Uingereza walikuwa 24 tu, na kiongozi wao alikuwa bwana Knupffer. Akashtaki. Alileta mashahidi wanne, kila mmoja akasema kwamba aliposoma tu akili yake ilikwenda moja kwa moja kwa Knupffer. Jaji wa kwanza akampa ushindi. Mahakama ya rufaa ikampokonya. Mwaka 1944 Baraza la Malodi likasema aliyempokonya hakukosea.

Sababu zao ndizo zinazotumika mpaka leo, kwa hiyo tuzieleze taratibu. Walisema kuna maswali mawili. La kwanza ni la sheria. Je, maneno yenyewe, yakisomwa yalivyo, yanaweza kuhesabiwa kuwa yanamhusu mdai? La pili ni la ukweli wa mambo. Je, watu wenye busara wanaomfahamu waliposoma walielewa kuwa ni yeye? Knupffer alikuwa na jibu zuri kwa swali la pili, ndio wale mashahidi wanne, lakini hakuvuka la kwanza. Makala ilizungumzia chama cha dunia nzima. Haikuitaja Uingereza wala kiongozi wa huko. Lodi Atkin akaongeza neno ambalo wakili wetu alilirudia mara mbili, kwamba hakuna sheria ya pekee ya makundi. Sheria ni ileile moja, kwamba maneno yawe yamemhusu mdai. Kundi likiwa dogo, hilo ni jambo la kusaidia kuonyesha. Ukubwa au udogo wenyewe si kanuni.

Sasa tuvuke bahari kwenda Marekani, kwani huko kuna kesi mbili ambazo sisi tuliziona kama zimeandikwa kwa ajili yetu.

Ya kwanza ni ya mtu wa ushirika. Aaron Sapiro alikuwa wakili kutoka California ambaye miaka ya 1920 alizunguka Marekani akiwaunganisha wakulima wauze mazao yao kwa pamoja badala ya kila mmoja kunyonywa na mnunuzi peke yake. Ni fikra ileile iliyowafanya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waunde chama chao kikuu mwaka 1933. Sapiro alikuwa Myahudi. Na Henry Ford, huyuhuyu wa magari, alikuwa na gazeti lake, Dearborn Independent, ambalo kwa miaka lilikuwa likiwatukana Wayahudi wote. Kuanzia mwaka 1924 likaandika mfululizo wa makala kwamba vyama vile vya wakulima ni hila ya Wayahudi ya kuwanyonya wakulima, na likamtaja Sapiro kwa jina.

Sapiro alidai dola milioni moja. Kesi ikaanza Detroit mwezi Machi 1927. Jaji akasema wazi tangu mwanzo kwamba yaliyosemwa juu ya Wayahudi kama watu hayako mbele yake. Aliyeko mbele yake ni Aaron Sapiro. Mamilioni walitukanwa, mmoja ndiye mwenye kesi. Mhariri akapanda kizimbani akajibebesha yote, akidai Ford hakuyajua. Ford mwenyewe, siku chache kabla ya kutarajiwa kutoa ushahidi, akapata ajali ya gari akalazwa. Halafu upande wake ukamtuhumu mwanajuri mmoja, mwanamke, kwamba amerubuniwa. Naye akaongea na gazeti kujitetea, na kwa sababu ya maongezi hayo kesi ikavunjika. Tazameni mambo! Ilionekana Sapiro amekwama. Lakini Ford hakutaka kuanza upya. Mwezi Julai 1927 akatoa barua ya kuomba radhi, si kwa Sapiro tu, bali kwa Wayahudi wote, na mwisho wa mwaka ule gazeti likafungwa. Kwa hiyo kundi lilipata radhi ambayo hakuna mahakama ingeiamuru, na lilipata kwa sababu mtu mmoja mwenye jina lililotajwa alikubali kukaa kizimbani akichambuliwa ada zake, safari zake na dini yake. Tulipolisikia hili tuliona limetuhusu sana. Hatukuona bado linatudai nini.

Ya pili ni ya wanawake wa dukani. Mwaka 1952 waandishi wawili wa magazeti, Jack Lait na Lee Mortimer, walitoa kitabu wakidai kwamba wasichana waonyesha mavazi wa duka la Neiman-Marcus la Dallas wanajiuza kwa wanaume, na wauzaji wa kike nao hivyohivyo, kisha wakawasema wauzaji wa kiume kwa namna yao. Makundi matatu yalikwenda mahakamani. Waonyesha mavazi walikuwa tisa, na wote tisa walishtaki. Wauzaji wa kiume walikuwa 25, wakashtaki 15. Wauzaji wa kike walikuwa 382, wakashtaki 30. Waliotuhumu waliomba mahakama iwaondoe wauzaji wote, wa kiume na wa kike. Jaji aliwaacha wanaume 15 waendelee, ingawa kitabu hakikusema wote bali wengi wao. Lakini wale wanawake 30 aliwaondoa. Kundi la watu 382 ni kubwa mno, alisema. Hakuna msomaji ambaye angeona maneno yale yanamhusu mmoja wao hasa.

Tulilijadili hilo njia nzima katika basi. Mtu anakuita malaya kwa chapa, kisha sheria inakuambia kwamba kwa kuwa amewaita na wenzako 381, basi hajakuita wewe. Mmoja wetu alisema ni sawa na mtu kumwaga maji machafu sokoni. Akimmwagia mmoja anashtakiwa, akiwamwagia wote anaambiwa ni mvua. Lakini wakili alitupa upande wa pili, na lazima tuwe wakweli, una uzito. Kama kila mtu katika kundi kubwa angeweza kushtaki, nani angethubutu kuandika kwamba polisi wanakula rushwa, au wafanyabiashara wanapunja mizani, au wabunge wanalala bungeni? Mlango uliobanwa kwa ajili ya wale wanawake ndio huohuo unaomlinda mwandishi anayewasema wakubwa.

Na usiseme idadi fulani ndiyo mpaka. Mwaka 1962, mahakama ya juu ya jimbo la Oklahoma ilimpa haki mchezaji mmoja wa timu ya mpira ya Kimarekani ya chuo kikuu cha huko. Jarida liliandika kwamba wachezaji wa timu wanapuliziwa dawa za kulevya puani, kumbe ilikuwa dawa ya mnanaa ya kulainisha koo. Hakutajwa, na timu ilikuwa na watu zaidi ya 60. Alilipwa dola 75,000, kwa kuwa alikuwa mchezaji wa kila mechi na kila mtu alimjua. Hao 60 wakapita, wale 24 wa Knupffer wakakwama.

Lilibaki swali la Mama Mwenyekiti. Alisema, haya, tuacheni sisi mmoja mmoja. Je, kikundi chenyewe hakina heshima? Kinaweza kuwa nayo, kama sheria inakihesabu kuwa ni mtu. Mwaka 1894 kampuni moja ya makaa ya mawe ya Uingereza iliruhusiwa kulishtaki gazeti lililoandika juu ya nyumba mbovu za wachimbaji wake, maana kampuni ni mtu kisheria na ina jina la biashara la kulinda. Lakini mwaka 1980 mahakama ya London ilikikatalia chama cha wafanyakazi kilichotaka kulishtaki gazeti la Times, kwa hoja kwamba sheria ya nchi ile ilikuwa imekiondolea vyama hivyo ile nafsi ya kisheria. Kwetu Tanzania chama cha ushirika kilichoandikishwa kina nafsi yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Sisi mwaka 2018 tulikuwa na sanduku, katiba ya kurasa nne na muhuri tuliochongesha stendi. Kwa lugha ya mahakama tulikuwa wanawake 31 waliokaa pamoja.

Sasa jibu tulilopewa. Sehemu kubwa ya makala, ile ya vikundi vyote nchini, haikuwa na mwenye kesi. Hapo tulikuwa kama wale 382, tena zaidi. Aya ya mwisho ilikuwa jambo jingine, kwa kuwa ilitaja soko, stendi, biashara na cheo. Hilo lingeweza kuvuka swali la kwanza lililomshinda Knupffer. "Lakini mama zangu," akasema, "isomeni tena. Inasema mweka hazina amejenga kwa jasho la wenzake. Hao wenzake ni nani?" Tukanyamaza. Wenzake tulikuwa sisi. Katika aya ile sisi thelathini hatukuitwa wezi. Tuliitwa walioibiwa. Mwizi alikuwa mmoja, na mwenye kesi alikuwa huyohuyo mmoja. Sisi tungeweza kuwa mashahidi wake, basi.

Alitueleza na muda. Kwetu madai ya aina hii yana miaka mitatu tangu kuchapishwa, na wenye ndugu Kenya wajue kwamba huko ni miezi 12 tu. Alitueleza pia njia fupi, ya kulalamika kwa Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, ambalo husuluhisha watu na vyombo vya habari bila mambo ya mahakama. Na akatueleza lililokuwa gumu. Gazeti likishtakiwa linaruhusiwa kujitetea kwa kusema lililoandika ni kweli. Litataka daftari. Kila ukurasa.

Hapo ndipo historia hii inapotuchoma, na tumekubaliana tusiifiche. Mwaka 2016 kuna mkopo wa shilingi 180,000 uliotoka bila kuandikwa kwenye muhtasari. Ulitolewa kwa neno la mdomo la viongozi wa wakati ule, mwenzetu alikuwa na mtoto hospitali, na ulirudishwa wote. Lakini aliyefungua sanduku na kuzihesabu zile noti alikuwa mweka hazina. Mahakamani angeulizwa yeye. Na ili asafike, waliomwambia atoe wangepaswa kusimama na kusema, mbele ya waume na mawakili na gazeti lilelile, "Sisi ndio tuliomwambia."

Mkutano uliofuata aliuliza swali moja tu. Nani atakuja kunitolea ushahidi? Watu 31 waliopiga kelele za "tushtaki" walikuwa wamekaa palepale. Mikono iliyoinuka ilikuwa 11. Kati yetu sisi watatu tunaoandika, wawili tuliinua na mmoja hakuinua, na ametaka iandikwe hivyo.

Hakusema kitu. Aliandika barua kwa mhariri kwa mkono wake, akaisaini peke yake. Wiki kadhaa baadaye gazeti lilitoa mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la viwanja, kwamba habari ya kikundi cha sokoni haikuthibitishwa na wanasikitika kwa usumbufu. Aliyeisoma ile ya kwanza hakuiona hii. Kwenye mgao wa mwaka ule alikabidhi funguo.

Yapo tuliyoyarekebisha. Hakuna mkopo unaotoka bila muhtasari na sahihi tatu. Orodha ya wanachama inaandikwa upya kila Januari. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipoanza kutumika tulikwenda halmashauri kujiandikisha, na kile cheti kipo sandukuni. Sheria ya habari nayo haikukaa palepale. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilisema vifungu vyake kadhaa, vikiwemo vya kashfa, vinapingana na mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge liliirekebisha. Kwetu hayo yalikuja yakiwa yamechelewa.

Mwenzetu hakuondoka kikundini. Ananunua hisa tano kila wiki, analipa faini akichelewa, ila cheo hataki. Siku moja mwaka 2021, tukiwa tunahesabu hisa, alisema taratibu, kama mtu anayetaja bei ya dagaa, "Leo miaka mitatu imetimia. Kesi yangu imekwisha." Hatukujua la kumjibu. Tukaendelea kuhesabu.

Makala hii tulimsomea yote kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Tulimwambia akitaka tuiondoe, tutaiondoa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipaa samaki, akatusahihisha mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika kwamba nyumba yake ina vyumba viwili.